Moshi Umejengewa Nyumba

Mama mukwe wangu alikuwa akinigombeza kwa vipande. Anaanza vizuri, mkono kiunoni: "We mutoto ya Baraka, ile sombe umetwanga ni ya kulisha bantu ao..." Halafu kikohozi kinamkata. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Mimi nimesimama na mtwangio wa majani ya mihogo mkononi, nangoja. "...ao ni ya kulisha mbuzi?" Na kikohozi tena. Kama hujawahi kungojea maneno ya kukugombeza yamalizike, hujui adhabu hiyo. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Mimi nina mdomo, kila mtu hapa kijijini Lubondja anajua, lakini mbele ya mkwe niliufunga kwa heshima.

Kisa kilikuwa jiko lake. Nyumba ndogo ya udongo, paa la nyasi, mafiga matatu, mlango wa kuinama. Ukiingia unalia kama umefiwa. Yeye alipikia humo tangu alipoolewa, na moshi ulipoanza kumkaa kifuani alisema ni baridi ya mlimani. Tulimpeleka hospitali ya Nundu. Muuguzi akamsikiliza mgongoni, akamuuliza anapikia wapi, akatugeukia sisi: "Huyu mama anakula moshi kuliko bugali. Mumutoe mule, ao pumzi itamuishia."

Mume wangu ni mtoto wa mwisho. Kaka yake mkubwa anakaa Baraka, mji wa ziwani nilikozaliwa, ana duka, nyumba ya manjanja, yaani mabati, na mke anayepikia makaa nje, upepo wa ziwa unapita. Aliposikia habari ya Nundu akaja na pikipiki, hakunywa hata maji.

"Mama ataenda Baraka. Atakaa kwa kiti, atapikiwa. Hili jiko tutabomoa."

"Munizike kwanza," mama mukwe akasema, "kisha njo mubomoe jiko yangu."

Hakulia. Ningependa angelia, maana uso ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. Kwetu mwanamke asiye na jiko ni mgeni hata kwa mtoto wake. Nilijua akikalishwa kwenye kiti kile cha Baraka hatamaliza mwaka. Basi mdomo wangu, ule niliokuwa nimeufunga kwa heshima, ukafunguka wenyewe.

"Shemeji, niachie mimi. Nitamujengea shemine, moshi ipande juu itoke inje."

Mume wangu akanitazama kama nimesema nitamjengea kanisa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Shemeji akafikiri, akakubali kwa sharti moja: mvua za kupanda zikianza atarudi. Akimkuta mama bado anakohoa, atambeba.

Mniulize nilijulia wapi shemine. Baba yangu alikuwa fundi wa mikate Baraka. Tanuru lilikuwa nyuma ya nyumba, na juu yake shemine ndefu ya matofali, na siku ya kuisafisha kaka zangu walikuwa wanapotea kama sukari ndani ya chai. Mimi nilibaki. Baba alichukua kikonyo cha mchikichi, kile kinachobaki matunda yakishatolewa, chenye miiba kila upande, akakifunga kamba mbili. Yeye juu ya paa anavuta, mimi chini navuta, kikonyo kinapanda na kushuka na kukwangua. Nilitoka mweusi, meno tu ndiyo yanaonekana. Baba alikuwa akisema: "Masizi ni kuni zisizomaliza kuungua. Usipozitoa, siku moja zitataka kumaliza." Nilikuwa nikicheka. Sikujua nitakuja kuyakumbuka maneno hayo nikikimbia.

Tukajenga. Mume wangu alichoma matofali, mimi nilikoroga udongo wa kichuguu, ule unaoshika kama gundi. Juu ya mafiga tukaweka kofia ya udongo ya kukusanya moshi. Shemine yenyewe niliitoa nje, nyuma ya ukuta, mbali na nyasi za paa, nikaipandisha mpaka ikapita kilele cha nyumba, ili cheche ikitoka isipate pa kutua. Mume wangu alitaka ipite katikati ya paa, eti ni njia fupi. Nikamwambia hata kaburini kuna njia fupi.

Mama mukwe alikaa kwenye kigoda chake, anatazama na kutoa maoni. "Moshi inajengewa nyumba ya matofali! Mi minalala mu udongo, moshi inalala mu matofali!" Majirani wakafa kwa kicheko. "Kesho mutaitandikia na kitanda!" Akakohoa, akafuta macho, akaendelea kucheka.

Siku ya kuwasha, moshi ulizunguka kwanza chini ya kofia, kama mgeni asiyejua mlango ni upi. Halafu ukavutwa. Ukapanda wote. Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Bamama wakainama kuingia, mmoja akasema, "Kumbe hii jiko iko na kuta!" Hakuna aliyewahi kuziona. Mama mukwe peke yake hakutazama kuta. Alitazama juu, kwenye dari ya fito. Ningekuwa na akili, hapo ndipo ningeogopa.

Maana kikohozi hakikuisha. Wiki zikapita, kiangazi kikakolea, na bado ananigombeza kwa vipande. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba kila ninapotoka shambani, natazama moshi mweupe unatoka juu vizuri kabisa, najiuliza kosa liko wapi. Jambo la pili likanichanganya zaidi. Siku ya kukwangua, masizi hayakushuka kama unga. Yalishuka mazito, yanang'aa, yananata vidoleni kama lami. Masizi ya namna hiyo nilikuwa nimeyaona mara moja tu kwa baba, siku mfanyakazi aliposahau kufungua tundu la hewa. Ni masizi ya moto unaokabwa koo. Nikamgombeza mume wangu kwamba analeta kuni mbichi. Maskini akaapa kwa Mungu na kwa babu yake.

Siku moja mpini wa jembe ukanivunjikia shambani mchana, nikarudi mapema. Nikiwa bado njiani nikaona kitu ambacho sikutegemea. Juu ya shemine hakuna moshi. Moshi unavuja mlangoni na katikati ya nyasi za paa, kama zamani. Nikaita kwa mbali, kama desturi: "Hodi, Mama!"

Ndani nikasikia kukuru kakara. Halafu sauti ikapanda ndani ya matofali: vuuuuu! Kama pikipiki yenye mizigo inayopanda mlima. Ulimi wa moto ukatoka juu ya shemine.

Nilitupa jembe. Nikaingia, nikamkamata mama mukwe mkono nikamvuta nje, bila kupiga goti wala kuomba ruhusa. Nje kulikuwa na mihogo imelowekwa ndani ya gunia. Nikaimwaga chini, nikarudi na gunia lile bichi. Nikavuta kuni kutoka mafigani, nikazifukia mchanga, nikalibana gunia mdomoni mwa shemine moto usipate hewa ya kuvuta. Majirani wakaja mbio na ndoo, wa kwanza ameshainua mkono kumwagia shemine. Nikapiga kelele: "Hapana matofali! Itapasuka! Mumwage ku nyasi! Ku nyasi!" Wakamwagia paa lote mpaka likatiririka. Ndani ya matofali kelele ikaendelea, ikashuka, ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

Paa halikushika. Hata jani moja. Nasema bila aibu: nilijenga vizuri.

Nilipoondoa gunia, kitu kikaanguka pu! kwenye mafiga. Bonge la majani makavu ya ndizi, limeungua nusu, limefungwa ndani ya kitambaa. Nikakigeuza kwa kijiti. Maua mekundu, ndege wa kijani.

"Mama! Ile kitenge nilikupatia Mwaka Mpya!"

"Ulinipatia. Iko yangu. Minafanya nayo minataka."

Hapo heshima ikanishinda. "Sababu gani unaziba shemine? Mi nilichoma mikono, mutoto yako alichoma matofali, we unaziba! Unataka kufa? Unataka wakubebe?" Majirani walitazama pembeni. 

Mama mukwe akakohoa kwanza mpaka akamaliza. Halafu akanishika mkono, taratibu, akanirudisha ndani, akaonyesha juu. "Angalia, mutoto ya mukate."

Juu ya mafiga, kwenye fito, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Nilikuwa nimeyaona kila siku. Nikanyoosha mkono nikashika moja. Unga ukanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Wadudu walikuwa wameshalila ndani, limebaki ganda.

"Moshi njo ilikuwa inachunga," akasema. "We umeifukuza. Hii mahindi ni ya mama yangu. Wakati wa kukimbia vita ilivuka ziwa na mi, mu nguo. Kule ng'ambo tulikaa na njaa, sikuipika. Ilirudi na mi. Sasa ikufe sababu ya shemine?"

Basi nikaelewa. Nikitoka kwenda shambani, anaziba. Anakaa humo na mbegu zake, anakohoa, zinapata moshi. Akisikia sauti yangu anachomoa bonge, moshi unapanda, mimi napita nyuma ya nyumba najisifu. Siku ile nilirudi mapema, alivuta kwa haraka, bonge likakwama na kushika moto, na yale masizi ya kunata yakapata nafasi yao ya kumaliza kuungua. Wala hakuwa mkaidi. Kati ya kifua chake na mbegu ya mama yake, alikuwa amechagua mbegu.

Nikakaa chini, pale pale kwenye majivu. Muuguzi alisema kweli. Mama mukwe naye alisema kweli. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mimi nimeshika kipande cha kitenge kilichoungua. Nililia, sifichi.

Aliyenitoa pale alikuwa mama yangu mzazi, ingawa hakuwepo. Mama yangu alikausha samaki kando ya ziwa, kule Baraka. Tanuru lake la samaki lilikuwa kisanduku cha matofali chenye kimlango. Samaki wananing'inia ndani wanakula moshi, mama amekaa nje anakula upepo, anapiga soga. Nikainuka na majivu yangu matakoni.

"Mama, tuipatie shemine tumbo."

Akanitazama. "Tumbo ya kula nini?"

"Mahindi."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, lakini alikuwa wa kwanza kuchukua udongo. Tulifungua shemine kwa nje, tukajenga kisanduku, tukakitia vyuma vya kutundikia na kimlango cha manjanja chakavu. Moshi unapita tumboni, unalisha mahindi, unaenda zake juu. Lakini mbegu ikipata joto inaiva, na mbegu iliyoiva ni chakula tu. Mama mukwe akaleta kipimo chake. Akaingiza mkono tumboni, moto umewaka chini, akaanza Baba Yetu. Alichomoa kabla ya kufika "ufalme wako". Nikabomoa nikajenga juu zaidi. Mara ya pili akasali mpaka Amina, akaongeza na Salamu Maria, mkono uko ndani, ananitazama na jicho la ushindi utadhani ni yeye aliyechanganya udongo.

Tukachagua mahindi ambayo wadudu hawajayagusa, machache, tukayatundika. Kofia haikuzibwa tena. Kazi ya kukwangua akaichukua yeye: anapitisha ukucha kwenye tofali, masizi yakifika unene wa ukucha ananiita, mimi napanda ngazi na kamba, yeye anavuta chini. "Vuta! Haukule? Vuta!" Bamama wakaanza kuja kutazama. Akawa anawaeleza alivyobuni tumbo, anawaambia wasimwagie matofali maji yakishika moto. "Shemine yangu," anasema. Nikakaa kimya? Nilikaa. Kwa shida kubwa.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na shemeji akaja na neno lake, na kamba ya kufungia mizigo nyuma ya pikipiki. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kijito, napanda mbegu ile ile. Mama mukwe alikuwa ameilowesha kwenye kitambaa kwanza kuijaribu, na ilichipua kila punje. Niliona pikipiki inasimama mbele ya jiko. Niliona shemeji ameshika kamba.  Mama mukwe akatoka mlangoni, hakumtazama mwanawe hata kidogo. Alinitazama mimi, ng'ambo, akaweka mkono kiunoni.

"We mutoto ya Baraka! Unapanda ao unatupa? Punje inne mu shimo moja, ni mahindi ao ni harusi? Ile mbegu imevuka ziwa mara mbili, njo unaifunika na udongo kidogo vile kuku akikohoa inatoka? Nani alikufundisha jembe, samaki? Rudi nyuma, fukua, punje mbili, mbili! Na uinamishe mugongo, mukate inaoka yenyewe lakini shamba hapana!"

Kisha kukawa kimya. Sote watatu tukangoja. Shemeji alikuwa ameinua kichwa, mimi nimeshika jembe kwa mikono miwili, tunangoja kile kikohozi. Hakikuja. Nyuma yake moshi ulipanda umenyooka juu ya shemine.

Shemeji akaizungusha ile kamba mkononi, akaitia mfukoni.

"Mama!" nikaita. "Sikusikia! Rudilia!"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Akarudia yote, kutoka mwanzo, na akaongeza.