Mjomba wa Fundi Boila

Miaka minne nilimtafuta babu yangu Mwingereza mahali ambapo hakuwepo, na kosa lilikuwa langu: kosa la mtu wa mjini aliyesahau jinsi watu wa kwao wanavyohesabu ndugu.

Babu huyo alikuwa fundi wa boila katika shamba moja la katani nje ya Morogoro, enzi za mkoloni. Bibi, mzaliwa wa Matombo huku milimani, alikuwa akipika kambini. Mama yangu alipofikisha miezi mitano, babu alipanda meli kwenda kwao likizo, na huku milimani hakuonekana tena. Mama sasa amevuka miaka sabini na hajawahi kumlaumu. "Angepata njia angerudi," husema, na akishasema hivyo mjadala umekwisha. Mimi nilitaka kuona kwa macho yangu kama ni kweli. Nilikuwa nimempigania babu huyo shuleni, nikirushiana ngumi na walioniita makombo ya mzungu, na moyoni simpendi hata kidogo.

Nafanya kazi chuoni Mazimbu. Intaneti ninayo, subira sina. Nilianza vibaya, kwa kuwapekua mainjinia, kwa sababu kwetu kila mzungu aliyeshika spana alipandishwa cheo akaitwa injinia. Hakuwemo. Nikashuka kwa wavuja jasho. Bibi, kabla hajafariki, alituachia majina mawili: la babu mwenyewe, na la "mzee wa kwao", mchimba makaa ya mawe katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Uingereza. Jina lao la ukoo lilikuwa moja. Tovuti ya nasaba ilinionyesha kisanduku kilichoandikwa Baba, nami nikalitumbukiza jina la mzee huyo humo bila kufikiri mara mbili.

Mzee nilimpata mapema. Mwanawe ndiye sikumwona. Sensa ilimwonyesha mchimba makaa, mkewe na watoto wanne, na hakuna aliyekuwa na jina la babu. Nikahamia vijiji vya jirani, nikarudi, nikahama tena. Nikiwa jikoni nasonga ugali, akili iko kwenye ukurasa ule. Mume wangu aliacha kuniuliza ninawaza nini.

Siku moja ya mvua, nikiwa ofisini, umeme ukikatika na kurudi, niliifungua kaya ile kwa hasira tu. Kila mara nilikuwa nikisoma watoto, nikishawamaliza nafunga. Safari hii nilisoma hadi chini. Mstari wa saba: dada wa mwenye nyumba, hajaolewa, dobi. Mstari wa nane: jina la babu yangu, umri miaka miwili. Uhusiano wake na mwenye nyumba: mpwa.

Nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akasimama kuniangalia. Bibi hakukosea hata chembe. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mwanamke wa Matombo akitaka kumjua mwanamume vizuri anamuuliza mjomba wake ni nani. Bibi aliuliza hivyo, na yule kijana akamjibu ukweli mtupu. Cheti chake cha kuzaliwa nilichoagiza baadaye kilikuwa na mstari wa wino tu mahali pa jina la baba.

Baada ya hapo mengine yalikuja mbio. Nilipata orodha ya abiria wa meli aliyoondokea. Kisha nikapata nyingine, ya miaka mitatu baadaye: jina lile, tarehe ya kuzaliwa ile, anwani ya mjomba ile ile. Kazi, fundi wa boila. Bandari ya kushukia, Tanga. Ya mwisho ilikuwa ya safari ya kurudi Uingereza, miaka mitatu mingine mbele. Wiki mbili nilitembea na karatasi hizo kwenye mkoba. Niligombana na mume wangu, na muuza mboga, na mashine ya fotokopi.

Jumapili nilipanda Matombo. Nilimkuta mama ametoka misani, amekaa barazani anachambua pilipili manga mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nilimsimulia habari ya mjomba na dada yake dobi. Mama alipiga makofi kwa furaha. "Kumbe kalelewa kwa mjomba wake! Huyo basi mtu wetu kabisa. Na maskini vile, nauli angeitoa wapi?" Akamwita jirani, akamhadithia yote upya, akaongeza na chumvi yake. Ningeweza kuishia hapo. Nilitamani sana kuishia hapo.

Jirani alipoondoka, mama aliniuliza taratibu, "Kwa hiyo njia ya kurudi hakupata?"

"Alipata, mama. Ulikuwa umetimiza miaka mitatu. Alishukia Tanga, akafanya kazi huko miaka mingine mitatu, ndipo akaenda kwao."

Aliendelea kuchambua, punje huku, vikonyo kule, kama hakusikia.

"Tanga si mbali," alisema.

Hapo nikajishangaa. Mimi, niliyemchukia mtu huyu tangu utoto, nilianza kumtetea. Nikasema labda mkataba ulimbana. Labda wakubwa wake walimkataza. Labda alitumwa mtu akamwambia kwamba bibi ameshaolewa. Nilisema mengi, maneno yakikimbilia mdomoni.

Mama aliweka mkono wake wenye vumbi la pilipili juu ya goti langu.

"Usimtafutie sababu, mwanangu," alisema. "Kazi hiyo nimeifanya mimi maisha yangu yote, na nimechoka."