Bao la Loai na Sala ya Isha

Mahfoudh wa mtaa wa Ansab, kama humjui, muulize yeyote aliyepata kufanya kazi wizarani Al Khuwair: mtu nadhifu, kanzu haina hata kunyanzi moja, na neno lake halirudi nyuma. Siku hizi amestaafu. Ana mkewe Bi Muhsina, ana majlis kubwa ya kupokelea wageni, na ana mjukuu Mtaliana.

Ndiyo, Mtaliana! Binti yao Ruba alikwenda Italia kusoma, akaolewa huko na kijana aliyesilimu, akamzaa Loai. Na Loai, badala ya kusomea uhandisi kama babu alivyotaka, akaamua kufukuza mpira. Patashika yake usiombe! "Mpira si kazi," Mahfoudh alimwambia kwenye simu, na miezi mingi ikapita hawasemezani.

Kijana akaanza maisha ya ushambuliaji kwenye kilabu ya mji mdogo, daraja la tatu, na kazi aliyopewa ikawa kulipasha moto benchi. Wakamwazima kilabu nyengine, huko nako benchi. Wakamrudisha. Mwisho kocha akamwambia waziwazi: ukimaliza msimu huna bao, tutakuacha uende zako. Hapo ndipo alipompigia babu yake.

"Babu, nnaomba kitu kimoja tu. Jumapili nitazame. Hujapata kunitazama hata siku moja."

Mahfoudh alikuwa amejitayarisha kugomba, lakini sauti ya yule mtoto ilimlegeza. "Nitakutazama, mjukuu wangu. Wallahi nitakutazama."

Sasa, Mahfoudh hajui kufanya jambo dogo. Aliwaalika jamaa wote, wa Al Khuwair na wa Madinat Sultan Qaboos, kukawa na kahawa, halwa, sambusa, utadhani kuna posa. Mpwa wake Wijdan akaivuta mechi kutoka mtandaoni, akaiweka kwenye televisheni mbili: ya majlis kwa wanaume, na ya ukumbini kwa wanawake.

Kipindi cha kwanza, Loai benchi. Cha pili, benchi vilevile, anatafuna kola ya jaketi. "Huyu anacheza au analinda viti?" akauliza Hamood, shemeji yake Mahfoudh, na Mahfoudh akamkata jicho. Isha ilikuwa imeshaadhiniwa zamani. Mahfoudh akaona mtoto haingii sasa hivi, bora wasali upesi warudi. Wakajipanga kwenye chumba kidogo cha nyuma, yeye mbele akisalisha.

Rakaa ya kwanza alisoma sura fupi, mambo yakaenda vizuri. Ya pili, ndiyo kwanza amemaliza Alhamdu, akasikia kelele za wanawake: "Kaingia! Loai kaingia!"

Mtu mwengine angesoma aya tatu akarukuu. Yeye moyo ulimjaa, ulimi wenyewe ukaishika sura ndefu, na akaisoma kwa utulivu, neno kwa neno, kwa ajili ya yule mtoto. Nyuma yake Hamood akakohoa. Mwengine akakohoa. Mahfoudh akazidi kuvuta sauti. Na hapo vigelegele vikapasua nyumba.

Walipotoa salamu walikimbia peku, wakagongana mlangoni. Firimbi ya mwisho ilikuwa imeshapulizwa. "Kafunga!" akapiga kelele Bi Muhsina. "Lakini picha imekwama! Ilipozinduka, jina lake liko kwenye kioo na wenzake washamlalia juu!"

Mahfoudh alisimama katikati ya majlis, mikono imemning'inia. Uchungu alioupata ule! Simu ikalia, Wijdan akaiweka sauti juu.

"Babu! Umeniona?"

Hamood akamwashiria kwa kichwa: sema ndiyo, yakhe, sema ndiyo! Neno lenyewe dogo, lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Sikukuona, mwanangu," alisema Mahfoudh. "Nlikuwa nasalisha. Nlitaka nisali upesi nirudi, nikasikia umeingia, nikashindwa kusoma sura fupi. Nlikuwa nakuombea. Nimekuahidi na sikutimiza. Nisamehe."

Mahfoudh akaogopa kuwa mtoto atakata simu. Kisha akasikia kicheko.

"Mbona hata mimi sikuliona, babu! Nimeteleza, nimeanguka kifudifudi, mpira aliopiga mtu mwengine ukanigonga kisogoni, ukaingia. Nlikuwa naona haya, nasema babu ndiyo mara yake ya kwanza kunitazama, anione vile!"

Majlis nzima ikaangua kicheko. Mahfoudh alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na machozi yakimtoka asijali nani anamwona.

"Na wamesema ubaki?" akauliza Hamood, akiinamia simu.

"Kocha kanambia Jumapili ijayo naanza," alijibu Loai. "Lakini babu, nnakuomba usinitazame. Wewe salisha tu."