Mtu Mmoja wa Ziada

Makala ya mji mmoja mdogo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ilikuwa na sentensi tatu, na mbili kati ya hizo zilihusu miji mingine: mji ulio kaskazini mwake, na mji unaoushinda kwa ukubwa. Ya tatu ilitaja idadi ya watu, 18,412, basi. Hata kaburi huandikwa zaidi ya hapo.

Aliyeamua kwamba aibu hiyo haivumiliki alikuwa dada mmoja mwenye duka la fotokopi, mkabala na ofisi za halmashauri. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mjini kote aliitwa Kopi, naye aliitika. Alikuwa na mashine moja nzito iliyokohoa kama mvuta sigara, kompyuta moja, feni iliyogeuka upande mmoja tu kama mtu aliyenuna, na mchana mrefu usio na wateja. Watu walileta vyeti vyao asubuhi. Ikifika saa nane, mji ulijilaza. Jua lilipenya pazia la plastiki likawa rangi ya chai, mwanga wa mashine ukateleza chini ya kifuniko, ukaenda, ukarudi, na Kopi, kidevu juu ya kiganja, akaanza kuuandika mji wake.

Aliandika ukungu, jinsi unavyopanda asubuhi kutoka mtoni, ukaingia kwa barabara ya soko kama mgeni anayeijua njia, ukayafunika maduka ya chini mpaka ghorofa za juu zikaonekana zinaelea. Aliandika kiwanda cha vifungo, kilichofungwa zamani, ambacho kila mvua ikinyesha ardhi ya uwanja wake hutapika vifungo vya rangi zote. Aliandika ngazi za maktaba, ambapo ukikohoa, kuna mwingine hukohoa baada yako, na ukigeuka hayupo.

Kesho yake yote yalikuwa yamefutwa.

Aliyefuta alijiita Mzee wa Chanzo. Alikuwa mhariri wa kujitolea, mahali fulani duniani, na starehe yake ilikuwa kupita kwenye makala za watu na mkasi. Nyuma ya kila makala pana ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hugombana bila kuwasumbua wasomaji. Huko ndiko alikoacha neno moja: "Chanzo?"

"Chanzo cha nini?" Kopi akaandika.

"Cha ukungu."

"Mto."

"Dada, nataka kitabu, gazeti, au taarifa yoyote iliyochapishwa. Ukungu usio na chanzo ni mawazo yako."

Kopi akacheka peke yake dukani. Tangu azaliwe alikuwa akiambiwa kichwa chake kina ukungu, ila ndiyo kwanza aambiwe kwa maandishi.

Habari zikasambaa. Kinyozi wa duka la pili akaja na kitana sikioni. "Dada Kopi, nasikia unauandika mji. Mimi niweke kwenye uchumi."

"Una viti viwili, kaka."

"Na kioo!"

Mfamasia alitaka iandikwe ile mvua iliyolibeba banda lake la kuku, kuku wakiwa wamelala ndani, likatua salama kwa jirani, na jirani akadai kuku ni wake. Karani wa halmashauri, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alitaka ziandikwe taa mpya za barabarani.

"Zinawaka?" Kopi akauliza.

"Zimesimama," akajibu karani kwa heshima zote.

Wote aliwajibu kama alivyojibiwa yeye: chanzo? Na mchana, mashine ikinguruma usingizini, akawa anawaona. Mji mzima umepanga foleni mbele ya mlango mmoja mwembamba. Kinyozi kakumbatia kioo chake, na ndani ya kioo mna kipande cha mbingu. Kuku wamelala bandani, banda limeinuka kidogo kutoka chini. Mtu kakunja ngazi za maktaba kama mkeka, kazibana kwapani, zinakohoa. Mlangoni amekaa mzee asiye na uso, kanyoosha mkono, na kila anayefika mbele yake anajipapasa mifukoni, anatoa vifungo.

Siku moja karani akaleta kijitabu cha zamani cha sensa, karatasi zimekuwa njano kama meno. "Nitolee nakala, mkuu anakitaka." Kopi alikuwa anageuza kurasa, hana hili wala lile, jicho likadondokea jina la mji. Mbele yake: 18,411.

Akaangalia makala. 18,412. Chanzo cha namba hiyo kilikuwa picha ya ubao wa kukaribisha wageni, uliosimama mlangoni mwa mji hadi ulipong'olewa barabara ilipopanuliwa. Ubao ule aliuchora baba yake. Marehemu baba alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mji yalizungumza kwa mwandiko wake, na mikono yake ilinuka tapentaini mpaka siku alipozikwa.

Kopi hakuona hasara yoyote hapo. Aliona ushindi. Hatimaye ana kitu kilichochapishwa! Mzee wa Chanzo atautafuna mkasi wake mwenyewe.

Jioni alimkuta mama dirishani anashona. Mama alichambua vifungo kiwandani maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo hamsalimii mtu kabla ya kukagua vifungo vya shati lake.

"Mama, ubao wa baba ulikosea."

Sindano ikasimama hewani. "Ulikosea nini?"

"Idadi ya watu. Aliongeza mtu mmoja."

Mama akamtazama binti yake kuanzia nywele hadi viatu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha polepole, kama maji yanayochemka kwenye sufuria kubwa. "Huyo wa ziada ndiye aliyeingia nyumbani kwangu bila kufuta miguu."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Walimletea baba yako namba kwenye kikaratasi. Mimi nilikuwa na tumbo limefika hapa, namshikia kopo la rangi. Akasoma, akalitazama tumbo, akasema, 'Hawa wa serikali wamehesabu vibaya.' Nikamwambia, 'Wewe mwanaume, na wakiwa mapacha?' Akasema, 'Basi nitarudi na ngazi.'"

Wakacheka wote wawili mpaka uzi ukaanguka. Halafu mama akawa wa kwanza kuacha kucheka.

"Na kesho unakwenda kufanya nini?"

"Kusahihisha."

"Kumsahihisha nani? Ubao wameshaung'oa. Maduka wanayapaka rangi upya kila siku. Kazi ya mkono wa baba yako imebaki hapo tu, kwenye hiyo namba, na aliiandika kwa ajili yako. Ukiifuta, usije hapa kuniambia umepiga hatua."

Siku iliyofuata Kopi hakuandika kitu. Kijitabu kilikuwa kimesharudi kwa karani. Nakala moja ilibaki mezani, ikipeperushwa na feni kila ilipojisikia kugeuka. Zaidi ya mama, duniani kote hakuna aliyejua. Angeweza kuitia nakala ile kwenye pipa la takataka na namba ikaendelea kuishi raha mustarehe.

Akamwona baba juu ya ngazi, ukungu umemfika magotini, hivyo ngazi haina miguu na baba naye hana haraka. Brashi inazunguka, inamaliza mbili, rangi inang'aa. Chini yake mwanamke mwenye kopo. Ndani ya mwanamke, gizani, kuna mtu amejikunja, hana jina, hana hata kucha vizuri, lakini tayari ni mkazi. Mji mzima umesogea kidogo kumpa nafasi.

Ilikuwa nafasi tamu, na Kopi alitamani kulala ndani yake. Lakini kila alipofumba macho aliiona foleni: kinyozi na kioo, mfamasia na kuku wake, wote aliowarudisha mlangoni kwa mdomo wake mwenyewe. Na yeye je? Yeye alikuwa ameshaingia kitambo kwa mlango wa nyuma, kabebwa na baba.

Akafuta mbili, akaandika moja. Akaweka chanzo, jina la kijitabu na ukurasa.

"Asante," akaandika Mzee wa Chanzo mara moja, kama aliyekuwa amekaa hapo hapo anamsubiri. "Hiki ndicho chanzo."

Kopi akajisikia mwepesi, wepesi usio mzuri. Akahamia ukurasa wa majadiliano, akaandika yote: kikaratasi, tumbo, kopo, ngazi. Hakuomba kitu. Akafunga duka.

Nyumbani mama alimpakulia chakula, na kijiko kikatua mezani kwa sauti ya hakimu. Kopi akasema, "Nimeifuta, mama. Ila nimeandika na sababu yake, pembeni." Mama akageukia dirisha.

Lakini kesho yake saa nane, mji umejilaza, pazia la plastiki likafunguka. Mama hakuwahi kukanyaga duka lile tangu siku ya kufunguliwa. Akavuta kiti. "Huko pembeni ni wapi? Nisomee."

Kopi akasoma. Chini ya maneno yake palikuwa na jibu. Mzee wa Chanzo aliandika: "Hii haiwezi kuingia kwenye makala. Iache hapa, sitaigusa. Swali: ubao ulichorwa muda gani baada ya sensa?"

"Kama miezi mitatu," mama akasema. "Mwambie."

Kopi akaandika. Jibu halikukawia: "Basi huenda marehemu hakukosea. Miezi mitatu watu huzaliwa."

"Na hufa," akasema Kopi.

"Nani alikufa?" Mama akauliza kwa ukali, kama vile amesingiziwa. Akakunja kidole cha kwanza. "Mlinzi wa kiwanda, huyo mtoe. Mtoto wa mwalimu akazaliwa, muingize. Mke wa seremala alijifungua, au ilikuwa mwaka wa pili? Umenichanganya, ngoja nianze upya." Mwanga wa mashine ukapita juu ya uso wake, ukarudi. Kopi akawa anaandika kila anachosikia, na ukurasa ule wa nyuma ukaanza kuipita makala kwa urefu.

"Fundi viatu alihama. Tumtoe?"

"Alirudi?"

"Alirudi na mke. Tena mke mwenye kelele za watu watatu."

"Anahesabiwa mmoja, mama."

"Mmoja, haya. Lakini na kelele ziandike."