Stovu ya Bi Rukia

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyoniamsha kila alfajiri pale Shauri Moyo. Bi Rukia, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipiga pampu stovu yake hata kabla ya adhana, ikaanza kunguruma, na mimi mdomo ukanijaa mate. Zamani mpiga stovu alikuwa Mama, upande wetu wa ukuta, akikaanga mahamri ya iliki ya kuuza mtaani Kariokor, na la kwanza kutoka kwenye karai lilikuwa langu. Kisha Baba akampa talaka, Mama akarudi kwao Lamu, na stovu yetu ikahamia chini ya kitanda. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, nyumba nyingi za mtaa zimefungwa kufuli, wenyewe wamechukuliwa na malori ya serikali ya kikoloni. Waliobaki wakiniuliza najisikiaje bila Mama, niliwajibu kwamba sasa nina nafasi ya kunyoosha miguu. Walicheka. Nyumbani hakukuwa na wa kucheka.

Mwalimu wetu wa sayansi, ambaye akichoka na mimea alitusimulia chochote, siku moja alituletea habari ya saikolojia. Kwanza, alisema, mambo ya nafsi yaliachiwa wanafalsafa, wakae wabishane. Wajerumani wakayaingiza maabara: wakamketisha mtu, wakampigia kengele, wakamwuliza anahisi nini ndani. Wengine wakaja juu, wakasema mtu anaweza kusema lolote, pimeni kinachoonekana. Ndipo akafika kwa Mrusi aliyekinga mate ya mbwa kwenye kichupa. Mbwa akishazoea kusikia mlio kabla ya chakula, hata mlio mtupu unamtoa mate.

"Mwalimu," nikasema, "mate ya mbwa ni najisi. Huyo Mrusi udongo wa kutwahirishia mikono aliutoa wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akangoja tutulie. "Na mlio ukiendelea kupigwa bila chakula," akamalizia, "mwishowe mate hukauka."

Hapo mzaha ukaniishia.

Alfajiri iliyofuata, stovu iliponguruma, nilikuwa nimekaa kitandani na kifuniko cha kopo chini ya kidevu.

"Unaumwa, we?" Baba akauliza.

"Nafanya sayansi, Baba."

"Sayansi ya kutema mate? Lala huko."

Sikulala. Nilikinga kila alfajiri, na nilipoyaona mate nilishukuru. Mimi ningeweza kujidanganya kwamba bado namkumbuka Mama, au kwamba simkumbuki. Mate hayakujua utani. Niliogopa asubuhi ambayo kifuniko kingebaki kikavu.

Sasa niko sekondari, sauti imeshavunjika, na asubuhi hiyo ilikuja ikapita hata sikuiona. Bi Rukia angali anapiga stovu yake. Mimi hugeukia upande wa pili, mdomo mkavu, nikiwaza hesabu ambazo sijafanya. Lakini Baba, ambaye siku hizi huamka mapema kukata viatu vya akala vya matairi, ngurumo ikianza kisu chake husimama. Hukaa hivyo, uso ukutani, mpaka harufu ya iliki kutoka upande wa Bi Rukia ipite. Kila siku nina utani tayari wa kumrushia, na kila siku naumeza.