Mvinyo wa Australia Mezani pa Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya tisini, nilikabidhiwa mizani ya kuning'inia katika kituo cha kununulia majani mabichi ya chai, nje kidogo ya Kenyenya. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, blanketi moja, kibuyu cha maziwa nilichopewa nyumbani, na woga wa kulala mbali na kwetu Gesima.

"Kijana," Karani Mkuu aliniuliza, "hicho kibuyu cha maziwa ni cha nini? Umekuja kazi ama umekuja kuachishwa kunyonya?"

Wakulima wakacheka. Mimi usiku nililia kidogo, na sioni haya kuwaambia.

Kilichoniokoa ni pua. Niliweza kunusa gunia na kujua majani yamepata joto njiani, hata kabla halijafunguliwa. Baada ya miaka miwili nikahamishiwa chumba cha kuonjea cha kiwanda kimoja upande wetu wa Gesima. Mchana nilikula kwangu. Nilitaka nini tena duniani?

Nyinyi mnaokunywa chai na mkate hamjui kazi hiyo. Vikombe vyeupe hupangwa mezani, chai haitiwi sukari, mwonjaji anafyonza kijiko kwa kishindo ili harufu ipande nyuma ya pua, kisha anatema kwenye ndoo. Hamezi. Vingine hutiwa maziwa kidogo, kuona kama rangi inang'aa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kasoro: moshi, ukungu, harufu ya gunia, majani yaliyochachuka kupita kiasi.

Basi Alhamisi moja, nikiwa nimeshaoa na kupata binti, akaja mnunuzi kutoka Mombasa, mzee wa Kihindi mwenye miwani mizito. Alionja chai yetu, akatema. Kisha akatoa chupa iliyofungwa gazeti.

"Mvinyo mwekundu wa Australia," alisema. "Zabibu za aina mbili, zimechanganywa. Umelala chupani miaka kumi na mitano. Nimeambiwa una ulimi. Hebu niambie uko vipi."

Meneja wa Kiwanda alinivuta mlangoni.

"Huyu ndiye ananunua chai yetu. Ukimkera, Jumatatu uko Kenyenya na mizani yako."

"Bwana, mimi ni Msabato, pombe siigusi."

"Si unatemaga? Tema!"

Mzee alimimina polepole. Rangi haikuwa nyekundu, ilikuwa ya tofali kuukuu, na chini ya chupa kulikuwa na mashapo, yaani machicha yaliyotulia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye jagi la maziwa.

"Wacha maziwa!" Meneja alinguruma.

Nikanusa. Nikafyonza. Nikatema. Tumbo liliniambia: sema tamu sana, bwana, uende ukale kwako. Lakini nilimwona mzee akinitazama juu ya miwani, nikaogopa zaidi kwamba anajua jibu na anapima kama mimi ni mwongo. Nikajikuta kati ya woga wa aina mbili, na ule mkubwa ukanifungua mdomo.

"Bwana, umeharibika."

Meneja alifumba macho.

"Una harufu ya ngozi ya kiatu," niliendelea, sauti ikitetemeka. "Una tumbaku, kama koti la babu. Udongo na majani yaliyolowa chini ya migomba. Matunda yaliyochemshwa. Zabibu moja ni kali, inakaza ufizi. Nyingine ni laini, inaifunika. Ingekuwa chai, tungeikataa."

Nilisikia mashine za kukaushia upande wa pili wa ukuta. Kichwani nilikuwa nishakunja blanketi.

Mzee alichukua glasi yake, akanusa kwa muda mrefu.

"Ngozi," alisema. "Tumbaku." Halafu akacheka hadi akashika meza. "Meneja, hayo ndiyo niliyoyangoja miaka kumi na mitano! Mtu wako amepata yote, isipokuwa lile neno la kwanza: haujaharibika, umekomaa. Onja tena, bwana, sasa bila woga."

Nikaonja tena. Kwa kuchanganyikiwa, nikameza.

Chai yetu ilinunuliwa. Lakini njia ya kwenda nyumbani siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya Kenyenya, nami nilitafuna majani ya mpera kuua harufu hadi ulimi ukafa ganzi. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Baba Kemunto, unanuka nini?"

Nilimweleza yote, ngozi, tumbaku, udongo.

"Ulimeza?"

"Tone tu."

Hakunisemesha hadi Sabato ikapita.

Niliendelea na vikombe vyangu hadi nikastaafu, na Kenyenya sijakanyaga tena. Vijana huniuliza siri ya ulimi. Hakuna siri, sema ulichoonja, ukitetemeka pia sema. Ila jua kwamba kasoro ya meza moja inaweza kuwa sifa ya meza nyingine.

Siku hizi nikirudi kutoka kwa ng'ombe, Mama Kemunto hunivuta shati, akanusa.

"Ngozi," anasema. "Majani yaliyolowa. Udongo."

Halafu anaenda jikoni bila kutoa uamuzi, na mimi naogopa kumuuliza.