Kiganja Kwenye Mlango wa Dereva

Mama Msasa hakuzaliwa na jina hilo, na mwanzoni lilimuudhi. Alipewa na madereva waliokuwa wakileta magari kwa mumewe, fundi bodi, wakimkuta kila siku amechuchumaa na kipande cha msasa mkononi, vumbi la rangi limemjaa toka utosini hadi visiginoni. Leo bluu, kesho nyekundu, keshokutwa kijani. Mume ananyoosha, mke anasugua. Ndivyo walivyoishi, ndivyo walivyomsomesha binti yao mpaka akaolewa mbali, na ndivyo walivyozeeka, wakigombania vifaa kutwa nzima na jioni wakila sahani moja.

Na fundi alikuwa mgomvi, tusimpambe kwa kuwa amekufa. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa juu ya mikono ya watu. Chuma kikishavuliwa rangi yote kikabaki kitupu, cheupe, ukikigusa kwa mkono mtupu umekiharibu. Jasho lina chumvi. Leo huoni kitu, lakini ukija kutazama baadaye unakuta vidole vyako vimeota kutu palepale ulipogusa. Ukiipuuza ukapaka rangi juu yake, umejitafutia balaa, maana kutu haikubali kufunikwa; inakula chini kwa chini mpaka rangi inatoka malengelenge. Kwa hiyo mle bandani hakuna aliyegusa chuma kitupu bila glavu. Mteja akijisahau tu, fundi anapiga ukelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Mzee, umekuja kuangalia gari au kulikoleza chumvi?" Watu walicheka, lakini mikono waliirudisha mifukoni.

Gari la mwisho kushikwa na fundi lilikuwa la mshona suti mstaafu. Gari la zamani hasa, lenye taa za duara na madigadi yaliyovimba, ambalo mwenyewe alilipaka rangi upya kila alipochoka na ile ya mwanzo. Sasa alitaka livuliwe zote, libaki chuma, lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Fundi alianza na mlango wa dereva, kama kawaida yake, kwa sababu alisema huo ndio uso wa gari. Alipoumaliza, ukawa mweupe unang'aa, akamtuma mkewe dukani akalete thina ya kuufutia kabla hajaupulizia rangi ya kwanza.

Mama Msasa alirudi akamkuta ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, glavu zimelala mapajani. Akaanza maneno kama ilivyo ada. "Umekaa tena? Huo mlango utajipulizia wenyewe?" Akaongeza na jingine, kali zaidi. Masikini mama wa watu, alimgombeza maiti kabla hajajua kuwa ni maiti, na hilo halijamtoka rohoni mpaka leo.

Msibani watu wakasema yale wasemayo. Kwamba hakuteseka. Kwamba alikwenda kama mtu anayesinzia. Jirani mmoja akajitia hekima, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo! Mtu amezika mume wa ujana wake, wewe unamletea habari za koleo. Mama Msasa aliitikia, "Ahsante, ndugu yangu," akainamisha kichwa ili asimtukane.

Binti alitaka kumchukua mama yake wakakae wote. "Mama, hapo umebaki na nani?" akauliza, na lilikuwa swali la haki. "Nina gari la watu," akajibu. "Nikilimaliza tutazungumza." Mshona suti naye alikuwa muungwana, akasema hana haraka, na kazi hiyo hampi fundi mwingine, kwa sababu anajua nani alikuwa akisugua miaka yote.

Basi siku alipofungua tena banda, alianza kwa kuvuta turubai lililofunika gari. Lile banda ni kavu, na mlango ulikuwa bado mweupe kama ulivyoachwa, ila chini kidogo ya dirisha palikuwa na kutu. Akasogea. Kiganja. Kiganja cha mkono wa kulia, vidole vitano vimetanuka, na kidole cha kati kimepungua pingili moja, ile iliyokatwa na grainda binti akiwa bado mchanga.

Yule mtu asiyegusa chuma, mgomvi wa mikono ya watu, alivua glavu akauegemea mlango kwa mkono mtupu, na kwa uzito wake wote. Haikuwa kusinzia. Alisimama, dunia ikamzunguka, akatafuta cha kushika, na kilichokuwa karibu ni bati. Mkewe alikuwa dukani anasubiri chenji. Hilo ndilo lililomchoma: kwamba dakika ile mumewe alikuwa peke yake kabisa, kama yeye alivyo sasa.

Hakuugusa mlango ule. Alianzia upande wa pili. Alipaka dawa ya kutolea rangi kwa brashi, akasubiri, rangi ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, akaikwangua. Chini ya nyeupe kukatoka samawati, chini ya samawati rangi ya damu ya mzee, na chini kabisa krimu, ile ya kiwandani. Kwenye madigadi ya nyuma alikuta fila, lile rojo gumu la kuzibia mabonde, nene kama mkate, limepakwa na fundi mvivu wa zamani. "Njoo uone maajabu," akaita bila kufikiri. Sauti yake ikagonga mabati ikamrudia. Alikaa juu ya kopo la rangi akalisubiri banda linyamaze.

Kazi ile ina kelele ukiwa na grainda, lakini pembeni, kwenye mikunjo na kingo za madirisha, ni msasa na kidole tu, na hapo ndipo upweke unapokushika shati. Walizoea kusugua wakisemezana, huyu mbele, yule nyuma, bila kuonana. Sasa alisema peke yake na kujijibu peke yake, na kuna siku alijikuta anajigombeza kwa sauti ya fundi.

Gari lilipobaki chuma kitupu lote, hakukuwa tena na kisingizio. Marehemu hakupuliza bodi vipande vipande. Yote kwa siku moja, kwa mchanganyiko mmoja, la sivyo rangi ya juu haitalingana. Ili apulize, lazima asugue kile kiganja. Alichukua msasa, akasimama mbele ya mlango, akaurudisha msasa mfukoni. Kisha akafanya jambo ambalo fundi mwenye akili zake hafanyi: akafungua nati za bawaba, akaupakia mlango kwenye toroli, akaupeleka chumbani, akauegemeza ukutani upande aliokuwa akilala mumewe.

Huku nyuma bodi ikawa inaomba msaada. Chuma kitupu hakingoji mtu. Kila asubuhi aliifuta kwa tambara lenye mafuta ili isishike kutu, na kila asubuhi alikuta vipele vipya vyekundu, leo kwenye paa, kesho kwenye boneti, na yeye anavisugua kimoja kimoja. Mvua nazo zilikuwa njiani, hewa imeanza kuwa nzito. Alijua fika kuwa akichelewa, gari la watu litamwozea mikononi. Alijua, na bado usiku alilala akiutazama mlango.

Mshona suti akapita kulijulia hali gari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Lo, linang'aa kama sufuria jipya!" Akalizunguka, mikono mgongoni kwa adabu aliyofundishwa na marehemu. Alipofika upande wa dereva akasimama. "Mama, mlango mmoja umekwenda matembezi?"

"Uko kwa mchomeleaji."

"Ahaa. Mimi nimeshona suti maisha yangu yote. Mteja akiniuliza koti lake, nikimwambia mkono uko kwa mwenzangu, basi ujue mkono huo hata sijaukata." Akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akashusha sauti. "Sikuharakishi. Ila nami nimeshakuwa mtu mzima, mama. Nataka nilipande tena kabla sijapandishwa na watu."

Mama Msasa alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akafuta vipele.

Aliyekuja baadaye ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mdomo usio na breki na moyo usio na hila. Alikuja asubuhi, mkoba kwapani, akaingia moja kwa moja mpaka chumbani kama wifi aingiavyo, akaanza kucheka tangu mlangoni.

"Wifi! Wenzako wakifiwa wanatundika picha. Wewe umetundika mlango wa gari! Na siku ukimkumbuka sana utaleta injini?"

"Niache, wifi."

"Sikuachi. Kitanda kinanuka mafuta kama gereji." Akauinamia mlango, akaukagua, akakunja uso. "Na hii kutu kubwa ya nini? Umemwagia maji?"

Mama Msasa akamtazama. "Hujaona?"

"Nimeona. Kutu."

"Angalia vizuri, wifi yangu."

Wifi akapiga magoti, akatazama huku na huku, akitaka kwa moyo wote kuona anachotakiwa kuona. "Naona kutu," akasema polepole. "Kama ramani hivi. Kuna nini?"

Hapo ndipo Mama Msasa naye alipotazama, si kama alivyozoea kutazama kila usiku, akijaza kwa kumbukumbu pale macho yalipokosa. Chumba kile hakikuwa kikavu kama banda. Kutu ilikuwa imekula. Vidole vilinenepa vikagusana, kiganja kikatambaa mpaka kwenye vidole, na ile pingili iliyopungua ilikuwa imejaa. Dada wa damu, aliyeshikwa mkono na kaka huyo kupelekwa shule, aliangalia mkono wake asiujue. Hakukuwa na mkono tena. Alikuwa amelala na doa.

"Ulikuwa mkono wake," akasema. "Siku ile. Aliegemea hapa."

Wifi akafunika mdomo. Mzaha wote ulimtoka. Alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, na Mama Msasa akawa ndiye anayembembeleza mwenzake, mgongo wake anaupapasa, "Basi, wifi, basi," huku macho yake makavu yako mlangoni.

Wifi alipotulia walibeba mlango wawili, mmoja huku mmoja kule, wakaurudisha bandani. Akataka kubaki. "Nenda ukatupikie chochote," Mama Msasa akamwambia. "Hii kazi ni ya mtu mmoja."

Aliulaza juu ya meza za kazi, akavaa glavu. Hakutumia grainda, ingemaliza kabla hajaaga. Alikunja msasa akaanza na kidole gumba. Unga mwekundu ukatoka, akaupuliza, akaendelea. Cha shahada. Cha kati. Chini ya kutu chuma kilikuwa na vitundu vidogovidogo kama ngozi ya chungwa, na vyote ilibidi avifuate mpaka chini, kwa sababu kutu ukiiachia punje umeiachia yote. "Nilikwenda dukani tu," akamwambia, mkono unakwenda na kurudi. "Ulinituma mwenyewe. Ningejua, ningekaa. Ungenishika mimi." Alisema hivyo mara nyingi, kwa kila kidole, na hakuna aliyemjibu, na safari hii hakujijibu.

Alipofika katikati ya kiganja, machozi yaliyogoma msibani, yakagoma chumbani, yakaja yote kwa pamoja, na tone la kwanza likaangukia kwenye chuma alichokwisha kukisafisha. Alishtuka kama aliyeunguzwa. Machozi nayo ni chumvi. Alinyakua tambara la thina akalifuta palepale, akafuta tena, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Akalia hukohuko ukutani, mbali na mlango, mpaka yakaisha. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wa gauni, akavaa glavu nyingine kavu, akarudi kumalizia kiganja.

Mchana ule alichanganya rangi ya kwanza, ile ya kijivu inayotangulia krimu, akaipuliza bodi nzima, na mlango pamoja nayo.