Mgomba Tuliouzika Badala ya Baba

Shida ilianza nikiwa na miaka tisa. Kijiji chetu kilihamishwa kwa nguvu, baba akakataa kuondoka, wenye bunduki wakamchukua. Maiti yake hatukupewa.

Juzi mjukuu wangu alikuja na wenzake kurekodi filamu shambani kwangu Ilula. Wanaigiza msiba wa mtu kama baba. Wakakata mgomba wa kuzika badala ya mwili, kama tulivyofanya sisi. Harufu ya ule utomvu ilinirudisha kwenye msiba wetu.

Siku ile mama alinipa panga. "Kamlete baba yako," alisema. Nikakata mgomba mwembamba, maana ndio niliouweza. Mama akauvika koti la baba. Koti likapwaya, pindo likapita mwisho wa mgomba.

"Nani huyu?" akaniuliza. "Mume wangu alikuwa anainama mlangoni. Rudi."

Nikarudi. Ule wa pili niliuburuta ukigonga mawe nyuma yangu, kama mtu anayenifuata. Sikugeuka.

Sasa natazama mgomba wa hawa watoto. Mfupi!

"Kateni mwingine," nikasema.

"Bibi, tunaufunika sanda. Nani atajua?"

"Mimi nipo hapa."

Wakacheka, halafu wakaniangalia, wakachukua panga.

Shule niliishia darasa la pili. Leo nina nyumba ya matofali Soweto ya Mbeya, mashine ya kusaga, ekari sita za nyanya, na kaburi moja la zamani. Mgomba uliomo ni mrefu kama baba.